Habari za Mbugu, Nguo ya Mti Ulio Hai

Wasikilizaji wetu, kila mtu avaapo nguo asubuhi huitazama kama ni safi, kama haikutatuka, na kama yafaa kwa kazi ya siku ile. Ni wachache wanaojiuliza maswali mawili mengine: Nguo hii imetoka wapi? Na siku itakapochakaa, itakwenda wapi? Leo twataka kuyajibu maswali hayo kwa kuwapa habari za nguo moja ya zamani sana katika nchi za Ziwa Nyanza. Nguo hiyo haikusokotwa wala kufumwa, bali ilibanduliwa katika mti, na mti wenyewe haukufa. Waganda huiita lubugo. Kwa Kiswahili huitwa mbugu.

Twajua ya kuwa wako watakaosema, "Hayo ni mambo ya mababu, sisi tunazo nguo nzuri za dukani." Twawaomba wasubiri kidogo. Hatukuja kumwambia mtu avue kanzu au gauni lake. Twataka tu afahamu jinsi nguo ile ilivyotengenezwa, kwa nini iliachwa, na kwa nini siku hizi watu wenye elimu wanairudia na kuichunguza upya.

Tueleze kwanza mti wenyewe, kwa kuwa habari yote imetoka kwake. Waganda huuita mutuba, na ikiwa ni mingi, mituba. Ni wa jamaa ya mkuyu, na wataalamu wa mimea huuita Ficus natalensis. Desturi si kuupanda kwa mbegu. Mkulima hukata tawi nene, akalichomeka katika udongo wenye maji, nalo likashika mizizi. Huota vizuri katikati ya migomba na mibuni, wala haugombani na mimea hiyo, bali huipa kivuli. Tena hutumika kuwa ua wa boma na alama ya mpaka wa shamba. Baada ya miaka michache shina huwa nene vya kutosha, na hapo fundi huja na vyombo vyake.

Kazi hufanywa majira ya mvua, kwa sababu wakati huo mti una maji mengi na gome hubanduka bila ya kupasuka. Kwanza fundi hukwangua ngozi ngumu ya nje, maana hiyo haifai kwa nguo. Kisha hukata mviringo juu, karibu na matawi, na mviringo mwingine chini, karibu na ardhi. Halafu huiunganisha mikato hiyo miwili kwa mkato mmoja mrefu wa wima. Hapo huchukua kipande cha mgomba kilichochongwa, akakisukuma polepole chini ya gome mpaka gome lote likatoka zima. Mbona hatumii kisu? Kwa sababu kisu kingeujeruhi mti, na mti uliojeruhiwa hautoi gome zuri tena.

Sasa sikilizeni jambo lililo kubwa kuliko yote katika habari hii. Gome limekwisha kutoka, na shina limebaki uchi, limelowa. Mtu asiyejua angelitwaa gome na kwenda zake. Fundi hafanyi hivyo. Hulifunika shina kwa majani mabichi ya mgomba na kulifunga kwa kamba, kama mganga afungavyo kidonda. Na wengine hulipaka kwanza mavi ya ng'ombe. Baada ya siku kadhaa majani huondolewa, na ngozi mpya imekwisha anza kuota. Mwaka ukipita, mti huo huo huweza kubanduliwa mara ya pili. Gome la kwanza huwa zito na la kukwaruza, bali yale yanayofuata huwa laini zaidi. Mti uliotunzwa vyema huweza kumpa mwenyewe nguo kwa miaka mingi. Husemwa hata miaka 40. Katika visiwa vya bahari ya Pasifiki pia wako watu watengenezao nguo za magome, kwa mti wa jamaa ya mforsadi. Lakini wao hulikata shina kwanza, ndipo walichune, na shina jingine huchipuka kutoka mizizini. Katika Buganda shina hubaki limesimama.

Gome likifika karakanani hupashwa moto au huchemshwa kwa mvuke ili lilainike. Kisha hutandazwa juu ya gogo lililochongwa likawa sawasawa, na kazi ya kupiga huanza. Nyundo zake ni za mti mgumu, nazo zimechorwa mifuo kuzunguka. Ziko za namna tatu: ya kwanza ina mifuo mipana, ya pili mifuo ya kadiri, na ya tatu mifuo membamba. Hupigwa kwa ile ya kwanza, kisha ya pili, kisha ya tatu, na kila mara gome huzidi kupanuka na kuwa jembamba, mpaka kile kilichokuwa kipande chembamba kikawa shuka ya kumfunika mtu mzima. Mafundi hufanya kazi hii katika banda lililo wazi ubavuni lakini lenye paa, ili jua lisilikaushe gome upesi. Mara nyingi huwa wawili au zaidi, na nyundo zao hupokezana. Mpita njia huzisikia kabla hajaliona banda.

Mwisho nguo huanikwa juani, nayo huwekewa mawe pembeni isijikunje. Hapo ndipo ipatapo rangi yake. Gome likiwa bichi ni la manjano hafifu, lakini jua huligeuza likawa jekundu la udongo, kama chungu kilichochomwa. Likiwa na tundu, hushonwa kiraka kwa nyuzi za mwale. Hivyo nguo imekwisha. Hapakuwa na kitanda cha mfumi, wala dawa ya rangi iliyomwagwa mtoni, wala mnyama aliyechinjwa, wala mti uliokatwa.

Kazi hii ni ya zamani mno. Wataalamu husema ya kuwa kupiga magome ni ufundi uliotangulia ufumaji. Katika Buganda mafundi wa Kabaka ni wa ukoo wa Ngonge, yaani ukoo wa fisi-maji, na mkubwa wao huitwa Kaboggoza, cheo kinachorithiwa. Masimulizi ya Waganda humtaja Kabaka Semakokiro, aliyetawala mwishoni mwa karne ya 18 na mwanzoni mwa karne ya 19, kuwa ndiye aliyeamuru mituba ipandwe na mbugu zivaliwe na watu wote. Kabla yake wengi walivaa ngozi. Nchi ya Buddu, ambayo Kabaka Junju aliitwaa kutoka Bunyoro, ilisifiwa kwa mbugu nzuri kupita zote. Waganda walizilipa mbugu kuwa ushuru kwa wakubwa wao, na waliziuza kwa jirani zao. Wala si Waganda peke yao walioijua kazi hii. Wahaya wa Bukoba nao walivaa nguo za magome.

Wanaume walifunga mbugu begani, na wanawake waliizungusha mwilini na kufunga mshipi kiunoni. Mbugu za watu wote zilikuwa nyekundu ya udongo, bali za wafalme na wakubwa zilitiwa weupe au weusi. Ilikuwa shuka ya kulalia, pazia la nyumba, mfuko wa kuhifadhia vitu, na sanda ya maiti. Mwingereza John Hanning Speke, aliyefika kwa Kabaka Mutesa wa Kwanza mwaka 1862, aliwaona watu wa barazani wamevaa mbugu nadhifu, na katika kitabu chake alichokitoa mwaka 1863 aliitumia neno lilo hilo, mbugu. Watu hawa basi hawakuwa uchi wakingoja kuvikwa na wageni. Walikuwa na nguo zao, mafundi wao, na adabu yao ya mavazi.

Sasa tuje katika kuachwa kwake. Kama mwaka 1844 mfanya biashara Mwarabu, Ahmed bin Ibrahim, alifika katika baraza la Kabaka Suna. Baada yake misafara ya pwani iliendelea kufika, nayo ilileta bunduki, shanga, na nguo za pamba. Kaniki zilitoka Bara Hindi. Na nguo nyeupe ngumu iliyotoka katika viwanda vya Amerika, watu wa pwani waliiita merikani, jina ambalo hata leo halijasahauliwa. Biashara hiyo ilipata nguvu baada ya mkataba wa mwaka 1833 baina ya Sayyid Said na Marekani. Mwanzoni pamba ilikuwa ya Kabaka na wakubwa tu. Lakini Stanley alipofika mwaka 1875 aliwakuta watu wengi wa barazani wamekwisha vaa kanzu nyeupe. Katika muda mfupi, tangu Speke mpaka Stanley, sura ya baraza ilikuwa imegeuka.

Mambo mengine yakaongeza. Mwaka 1900 mkataba wa Buganda na Waingereza uliweka kodi ya nyumba ya rupia 3 kwa mwaka, na rupia haibanduliwi katika mti. Mwaka 1901 reli ya kutoka Mombasa ilifika ziwani. Mwaka 1903 Kristen Borup wa misheni ya CMS aliagiza mbegu za pamba, na wakulima wakaanza kuipanda wapate fedha. Angalieni jambo hili, maana ni la kufikiriwa. Mkulima alilima pamba, akaiuza mbichi. Pamba ikasafiri baharini mpaka viwanda vya Uingereza na Bara Hindi. Ikarudi imekuwa nguo. Naye akainunua kwa fedha ile ile aliyoipata, na zaidi. Kiwanda kikubwa cha nguo katika Uganda yenyewe, kile cha Jinja, hakikuanza mpaka miaka ya 1950. Kwa karibu miaka 50, nchi iliyokuwa imejivika yenyewe ilinunua nguo kwa watu wa mbali.

Hapa wengi hutaja methali yetu ya Kiswahili: Usiache mbachao kwa msala upitao. Nasi twaipenda methali hiyo. Lakini yatupasa kusema kweli yote, si nusu yake. Watu wa Buganda hawakuwa wapumbavu walipoichagua pamba. Mbugu ina upungufu wake. Ikilowa maji hulegea na kuraruka, kwa hiyo haifuliki kama shuka ya pamba. Mtu avuaye samaki au alimaye katika mvua aliifahamu shida hiyo kuliko sisi. Tena mti mmoja hutoa nguo moja tu kwa mwaka, na nguo hiyo hutaka siku za kupigwa kwa nyundo. Pamba hufulika, hukauka, na huvaliwa tena kesho. Kwa mama mwenye mtoto mchanga, hilo si jambo dogo.

Lakini hayo hayakuwa yote. Pamoja na faida za pamba liliingia wazo jingine, kwamba mbugu ni nguo ya washamba. Kwa kuwa mbugu ilitumika katika ibada za zamani, wengi wa wafuasi wa dini mpya waliitazama kwa mashaka. Vijana waliosoma hawakutaka kuonekana nayo. Na ufundi ukidharauliwa, mtoto wa fundi haujifunzi. Na mtoto asipojifunza, hapana kitabu kitakachomfundisha mjukuu jinsi ya kusukuma kipande cha mgomba chini ya gome bila ya kuujeruhi mti. Mtu anaweza kuacha kuvaa nguo kwa sababu nzuri. Kuidharau kazi iliyoifanya ni jambo jingine kabisa, na hilo ndilo lililokaribia kuumaliza ufundi huu.

Ni nini basi kilichouokoa? Wasikilizaji, uliokolewa na wafu na wafalme. Waganda waliendelea kuwazika watu wao katika mbugu hata walipokuwa wakivaa pamba maisha yao yote. Huko Kasubi, katika Kampala, walikozikwa Makabaka wanne, pazia kubwa la mbugu hutenga mahali pa makaburi, na nyuma yake panaitwa msitu. Serikali ya Uganda ilipoondoa falme mwaka 1967, mafundi walipoteza mteja wao mkubwa, lakini mazishi hayakukoma. Falme ziliporudishwa mwaka 1993, Ronald Muwenda Mutebi wa Pili alitawazwa hapo Naggalabi tarehe 31 Julai akiwa amevikwa mbugu, na watu waliozisahau wakaziona tena. Nyumba kuu ya Kasubi iliungua tarehe 16 Machi 2010. Ilipojengwa upya, ilihitaji mafundi wa majani, wa matete na wa mbugu, nao wakapatikana kwa sababu bado palikuwa na wazee waliojua.

Mwaka 2005 shirika la UNESCO liliitangaza kazi ya mbugu ya Uganda kuwa miongoni mwa urithi mkubwa wa wanadamu wote, na mwaka 2008 ikaandikwa katika orodha yake. Tangu hapo mbugu imepata wateja wapya. Yupo msanii wa Uganda, Acaye Kerunen, aliyeionyesha mbugu pamoja na nyuzi nyingine za mimea katika maonyesho makubwa ya Venice, Italia, mwaka 2022. Wako washonaji wa mavazi, watengenezaji wa mikoba, majalada ya vitabu na mapambo ya nyumba. Katika upande wa Masaka, ndiyo Buddu ya zamani, nyundo bado zinasikika.

Kwa nini wageni wa mbali wanaitaka nguo ambayo wenyewe waliiona ya zamani? Tuyarudie maswali yetu mawili. Siku hizi zaidi ya nusu ya nyuzi zote zinazotengenezwa ulimwenguni ni poliesta, na poliesta hufanywa kwa mafuta yachimbwayo ardhini, yale yale yatoayo petroli na plastiki. Nguo ya namna hiyo ni rahisi na hukauka upesi; lakini ikichakaa haiozi kama jani. Hukaa udongoni miaka na miaka, nayo hukatikakatika vipande vidogo mno visivyoonekana kwa macho, vikaingia katika maji. Katika masoko yetu ya mitumba, nguo zisizouzika hutupwa majalalani kwa marobota. Mituba na mitumba ni maneno yanayokaribiana sana katika kutamka, lakini mambo yake yako mbali. Nguo ya mutuba mtu huweza kuonyeshwa mti wake na fundi wake. Nguo ya mtumba hajulikani aliyeishona, wala shamba au kisima kilichoitoa.

Hatusemi ya kuwa mbugu itauvika ulimwengu. Hesabu yake tumekwisha iona: mti mmoja, mwaka mmoja, nguo moja. Wala pamba si adui. Nayo ni mmea, nayo huoza. Tunalosema ni hili: mbugu yatufundisha kipimo. Fundi wa zamani hakuchukua kwa mti kuliko mti ulivyoweza kurudisha, na alipochukua alifunga jeraha kabla ya kuondoka. Kila nguo mpya inayoletwa kwetu na kusifiwa, twaweza kuipima kwa kipimo hicho. Je, aliyeitoa atabaki hai? Je, udongo utaipokea?

Ninyi wanafunzi mkaao katika nchi za mituba, lipo jambo moja mnaloweza kulifanya. Miti hii inakatwa kwa ajili ya makaa na ya kuchomea matofali, na mti wa miaka 40 huangushwa kwa asubuhi moja. Chomekeni tawi moja karibu na migomba ya nyumbani. Kisha mtafuteni mzee aliyepata kubandua gome, mmwombe kwa adabu awaonyeshe. Msimwulize tu, mshikeni kipande cha mgomba kwa mikono yenu, maana maneno yetu haya hayawezi kuufundisha mkono.

Na akifa mzee huyo, huenda jamaa zake wakamfunga katika mbugu, kama ilivyo desturi. Hapo swali letu la pili litajibiwa mbele ya macho yenu. Nguo iliyotoka katika mti itaingia udongoni pamoja na mwenyewe, nayo haitaacha kitu nyuma; na pale juu, kando ya shamba, mti uliotoa nguo ile utakuwa umesimama, na ngozi mpya inaota.